Treni Inapopita na Treni Inaposimama: Viwanja, Nyumba na Kesho ya Igalula

Mwaka 1857 msafara wa Richard Burton na John Speke, uliotoka pwani ukiwa umechoka na wenye homa, ulipita Tura, ukapita Rubuga, ukapita Kigwa, na tarehe 7 Novemba ukaingia Kazeh, mji ambao leo ni Tabora. Majina hayo hayakufa. Tura na Kigwa ni kata za Wilaya ya Uyui hadi leo, na Igalula, iliyo katika wilaya hiyohiyo, imekaa katika ukanda uleule wa mashariki mwa Tabora ambako wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe za ndovu wakienda Bagamoyo, na wakarudi na nguo, shanga na waya wa shaba.

Rubuga waliyoiona wazungu wale ilikuwa na watu wengi na chakula cha kutosha. Speke alipopita tena mwanzoni mwa 1861 alikuta magofu. Katikati yake ilikuwa imepita vita ya Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe aliyeondolewa kwenye kiti chake, dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Miaka isiyotimia minne ilitosha kuigeuza nchi yenye vihenge vilivyojaa kuwa mahali ambapo msafara haupati hata mtama wa kununua.

Mhadhara kuhusu viwanja na nyumba una sababu ya kuanzia huko. Watu wanaolinganisha maeneo ya kununua ardhi hutazama miaka mitano nyuma na miaka mitano mbele. Wanauliza bei ya mwaka jana, wanauliza bei ya mwaka huu, wanachora mstari unaopanda, kisha wanatoa fedha. Lakini njia hii ya kati ya Tanzania ina kumbukumbu ndefu kuliko hiyo. Kwa zaidi ya miaka 150 imekuwa ikionyesha waziwazi ni ardhi ipi hupanda thamani na ipi hubaki palepale, na jibu lake halijabadilika sana: ardhi hupanda pale safari inapokatika. Pale mzigo unaposhushwa, mnyama anaponyweshwa, msafiri anapolala, karani anapoandika. Mahali ambapo safari inapita tu, bila sababu ya kusimama, hubaki na vumbi la wapitaji.

Ushahidi umejipanga wenyewe kutoka bahari hadi ziwa. Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa njia ya misafara. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na baadaye reli ikaanzia Dar es Salaam, nyumba za mawe za Bagamoyo zilibaki zikiangalia bahari bila wapangaji. Kilimatinde ilikuwa kituo kikubwa cha misafara na kisha boma la Wajerumani. Reli ikapita Saranda na Manyoni, na baada ya muda utawala ukahamia Manyoni. Leo Kilimatinde inajulikana zaidi kwa kanisa na hospitali yake kuliko kwa biashara. Ujiji, mahali ambapo Henry Stanley alimkuta David Livingstone mwaka 1871, ulikuwa ndio mji wa ziwa. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 iliishia Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo, na Kigoma ikawa mji huku Ujiji ikawa mtaa wake.

Hata ndani ya Tabora yenyewe mambo yalikwenda hivyohivyo. Kwihara, kusini-magharibi mwa mji, ndiko kulikokuwa na tembe ambamo Stanley na Livingstone waliishi pamoja mwaka 1872, na ndiko Livingstone alikosubiri wapagazi wake hadi Agosti ya mwaka huo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 uzito wa mji ukasogea upande wa stesheni. Hoteli ambayo bado inasimama karibu na stesheni ya Tabora ilijengwa miaka ileile reli ilipokuwa mpya. Tembe ya Kwihara imekuwa makumbusho. Umbali kati ya mahali pawili ni wa kutembea kwa miguu, lakini thamani ya ardhi yao ilitengana kabisa.

Jambo la kuzingatia hapo ni umbali. Katika mifano yote hiyo thamani haikuhama kwenda mkoa mwingine. Kigoma iko karibu kabisa na Ujiji, na Manyoni si mbali na Kilimatinde. Aliyenunua Ujiji mwaka 1910 kwa kuwa reli inakuja ziwani alikuwa na taarifa sahihi kabisa, na bado alikosa. Alijua reli inakuja lakini hakujua itasimama wapi.

Igalula ilizaliwa na reli kwa maana hiyo ya kusimama. Injini za mvuke zilikuwa na kiu. Zilihitaji maji na kuni kila baada ya mwendo fulani. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo treni inayokwenda bara ililazimika kuingia pembeni na kuisubiri inayotoka bara. Ndiyo sababu stesheni kati ya Itigi na Tabora zimepangwa kwa karibu: Tura, Malongwe, Nyahua, Goweko, Igalula. Kila kusimama kulileta soko la dakika chache. Abiria wa Reli ya Kati anayajua masoko hayo: akina mama na vijana wanakimbilia madirishani, karanga zimefungwa kwenye karatasi, kuku wa kuchoma yuko kwenye sinia, asali ya Tabora imo kwenye chupa iliyokuwa ya maji au ya soda, na mauziano yanaisha huku behewa likianza kusogea. Soko hilo halikuandikwa kwenye mpango wowote wa serikali. Liliumbwa na treni kusimama.

Sasa reli nyingine inakuja. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Kipande hicho kina urefu wa kilomita 368 ukijumlisha njia za kupishania. Baada yake ikaja mikataba ya Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma mwaka 2022. Kwa mtu anayekaa Igalula habari hii ni kubwa, na madalali wanaijua. Maneno ya kuuza kiwanja yamekuwa mepesi: reli inakuja, bei itapanda, nunua leo.

Kabla ya kumwamini dalali, tazama kipande kilichokwisha kuanza kazi. Abiria walianza kusafiri kwa SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro kuna stesheni sita ukihesabu za mwanzo na mwisho: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Treni ya umeme haihitaji maji wala kuni. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa, na kila kusimama kunakula muda ambao ndio bidhaa inayouzwa. Kwa hiyo inasimama mara chache, na dirisha lake halifunguki kwa ajili ya karanga. Morogoro nako stesheni mpya ilijengwa Kihonda, mbali na ile ya zamani, na mwenye fremu ya duka jirani na stesheni ya mkoloni hakupata chochote kwa kuwa jirani na jina la reli.

Kenya walikwisha kuliona hilo mapema. SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilianza 2017. Serikali ilipoelekeza makontena yasafiri kwa treni, malalamiko makubwa yalitoka kwenye miji ya kando ya barabara iliyoishi kwa madereva wa malori: Mariakani, Voi, Mtito Andei. Gesti, hoteli za chakula na gereji za miji hiyo zilijengwa kwa sababu lori linahitaji kupumzika na dereva anahitaji kulala. Treni ya mizigo hailali Mtito Andei. Wakati huohuo Syokimau na maeneo ya Mto Athi, karibu na kituo kikuu cha Nairobi, yaliendelea kujaa maghorofa, na huko reli ilikuwa sababu moja tu. Barabara, viwanda na ukaribu wa Nairobi vilikuwepo kabla yake.

Kuna hata mfano mkali zaidi, na ni wa nyumbani. Mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili uligusa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ikajengewa reli yake kutoka pwani ya Mtwara. Mpango ulikufa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikaondolewa. Urambo, ambako reli kuu ilikuwepo tayari, karanga zilipofeli waligeukia tumbaku, na tumbaku ikaulisha mji kwa miongo mingi. Kilichouokoa mji ni zao lililokuwa na mnunuzi.

Kwa hiyo anayelinganisha maeneo ya Tabora kwa ajili ya makazi na kwa ajili ya thamani ya baadaye ana sababu ya kuanza na maswali ya mtu wa misafara: nani atalala hapa, kwa nini, na kwa muda gani? Tuyapeleke maswali hayo kwenye maeneo matatu ambayo mtu mwenye fedha kidogo kidogo za mshahara au za tumbaku huyalinganisha kwa kweli: pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, Isikizya, na Igalula.

Manispaa kwanza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 227,000; ya 2022 ikahesabu zaidi ya 308,000. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi. Si kasi ya Kahama, ambayo katika muda huohuo ilitoka watu wapatao 242,000 hadi zaidi ya 453,000 kwa nguvu ya dhahabu, mpunga na njia panda ya malori, wala si kasi ya Dodoma iliyotoka 410,956 hadi 765,179 baada ya serikali kuhamia huko. Tabora hukua polepole. Lakini inakua kwa sababu nyingi kwa pamoja, na hilo kwa mwenye nyumba ya kupangisha ni jambo jema. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Kitete. Kuna Shule ya Wavulana ya Tabora aliyosoma Mwalimu Nyerere, Chuo cha Reli, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Utumishi wa Umma, na chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Kila taasisi ina watu wanaohitaji chumba mwezi baada ya mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, tumbaku ilipwe isilipwe.

Halafu kuna maji. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mabwawa, Igombe likiwa kubwa lao, na kiangazi kikiwa kirefu ndoo ya maji ilikuwa na bei yake. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria, uliojengwa kwa mkopo wa serikali ya India na kuzinduliwa mwanzoni mwa 2021, ulileta bomba kutoka Solwa kupitia Nzega hadi Tabora. Mwenye akili ya kununua kiwanja Tabora sasa haulizi tu kama mtaa una maji. Anauliza bomba kubwa limepita upande gani na tawi lake linaishia wapi. Kiwanja chenye mita ya maji na kiwanja cha jirani kisicho nayo vinaweza kuwa na udongo uleule na ukubwa uleule, lakini mpangaji mwenye watoto ataulizia kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Mitaa ya zamani, Gongoni, Ng'ambo, Isevya, imejaa. Nyumba zake ni za urithi, zina warithi wengi, na kununua humo ni kununua kesi ya mirathi kama hukuwa makini. Ujenzi umekwenda pembezoni: Ipuli, Mwinyi, Malolo, Kiloleni, na magharibi kuelekea Tumbi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Huko ndiko mshahara wa Tabora unakogeuka tofali.

Isikizya ni habari tofauti. Wilaya ya Uyui, ambayo Igalula ni sehemu yake, ilikuwa na watu 396,623 mwaka 2012 na zaidi ya 562,000 mwaka 2022. Inakua kwa kasi kuliko manispaa, ila watu wake wametawanyika vijijini na mashambani. Makao makuu yake yakawekwa Isikizya, kaskazini mwa Tabora kwenye barabara ya Nzega. Ofisi ya serikali ikijengwa mahali, watu hudhani mji umekwisha kuzaliwa. Hauzaliwi siku hiyo. Mtumishi aliyepangiwa kazi Isikizya ana barabara ya lami mlangoni na Tabora mjini haiko mbali, kwa hiyo anaweza kufanya kazi huku na kulala kule, mke wake akiwa muuguzi mjini na watoto wakisoma mjini. Isikizya itapanda siku ambayo shule yake, zahanati yake na soko lake vitamfanya mtumishi huyo aone hasara kusafiri kila siku. Anayenunua huko ananunua subira, na subira ni halali kuinunua ilimradi mnunuzi anajua ndiyo anayoilipia.

Igalula je?

Igalula haina ofisi ya wilaya wala chuo. Ina stesheni, ina mashamba, ina misitu ya miombo yenye asali, ina tumbaku na alizeti na karanga, na upande huo wa mashariki sasa una barabara. Hili la barabara mara nyingi linafunikwa na kelele za SGR, na pengine ndilo kubwa zaidi. Zamani gari la kwenda Dar es Salaam kutoka Tabora lilizunguka kupitia Nzega na Singida. Lami ya Tabora hadi Nyahua, kilomita 85, ilikamilika kwanza; ya Nyahua hadi Chaya, nayo kilomita 85, ikajengwa kwa mkopo wa mfuko wa Kuwait na kuzinduliwa 2022, na ikaungana na ile ya Itigi na Manyoni. Njia ya misafara ya Burton ikawa tena njia kuu ya magari. Na gari, tofauti na treni ya umeme, husimama. Dereva wa lori hula, abiria wa basi huchimba dawa, tairi hupasuka, mfanyabiashara wa mahindi hushuka kuuliza bei.

Kwa hiyo kama mtu ana fedha ya kiwanja kimoja tu ukanda wa Igalula, hoja ya mhadhara huu ni kwamba atazame kwanza mahali ambapo njia ya mazao kutoka vijijini inakutana na barabara kubwa, kabla ya kutazama reli. Pale pikipiki yenye magunia mawili inaposimama kusubiri Fuso ndipo patakapohitaji ghala, mizani, fremu za duka la pembejeo, wakala wa fedha kwa simu, mama ntilie, na baadaye vyumba vya wanaofanya kazi hizo. SGR ikiweka stesheni ya abiria au mahali pa kupakia mizigo karibu, hiyo itakuwa nyongeza. Isipoweka, bado kuna sababu ya kusimama.

Kuna mtego mmoja ambao ujenzi mkubwa huutega kila mahali. Kambi ya ujenzi huleta mafundi, madereva, wahandisi na wapishi, na ghafla chumba kilichokuwa cha shilingi elfu ishirini kinaulizwa kwa elfu hamsini. Mwenye nyumba anakopa, anaongeza vyumba, na vyumba vinakamilika mwezi ule kambi inapofungwa. Mahitaji ya wakati wa kujenga na mahitaji ya wakati wa kutumia ni vitu viwili. Anayetaka kuvuna ya kwanza aifanye kwa vyumba rahisi vitakavyorudisha gharama ndani ya mkataba wa kambi. Asiweke fedha ya uzeeni hapo.

Hesabu ifanywe kwa kalamu, si kwa matumaini. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mtu ananunua kiwanja kwa milioni 2 na kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa milioni 28. Anapangisha kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000, lakini nyumba ikikaa tupu miezi miwili, inabaki 1,200,000. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, yaani 120,000. Ukarabati wa bati, rangi na choo, tuseme 150,000. Kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU kwa nyumba ya kawaida, shilingi 1,500 kwa mwezi, ni 18,000. Mkononi inabaki 912,000, ambayo ni takribani asilimia 3 ya milioni 30. Katika miaka ya karibuni hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimelipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, bila mpangaji wala fundi bomba.

Sasa fedha ndogo zaidi, milioni 18, ijenge safu ya vyumba sita vya mpangaji mmoja mmoja, 25,000 kila kimoja. Vikijaa ni 150,000 kwa mwezi, 1,800,000 kwa mwaka, asilimia 10 kabla ya makato. Ndiyo maana mtu anayepita miji midogo ya mkoa huu anaona vyumba vya safu vingi kuliko nyumba nzima za kupangisha: wenyeji wamekwisha kupiga hesabu. Nyumba kubwa Igalula ina maana kwa anayetaka kuishi mwenyewe, au anayeamini kwa sababu zinazoonekana kwamba ardhi chini yake itapanda sana. Fedha ya pango peke yake haiibebi.

Kisha kuna udongo, ambao karatasi haiuonyeshi. Nchi ya Tabora ni mawimbi mapole: migongo yenye mchanga mwekundu au wa kijivu juu ya mwamba, na mabonde ya mbuga yenye udongo mweusi. Kiangazi mbuga inaonekana tambarare safi, haina visiki, na dalali huiuza kama eneo lililo tayari. Mnunuzi achimbe shimo la futi tatu. Akitoa udongo mweusi unaonata, uliopasuka vipande wakati wa kiangazi, ajue kwamba mvua zikianza Novemba udongo huo utavimba, kiangazi utasinyaa, na ukuta wa tofali za kuchoma utachanika kutoka kona ya dirisha kwenda juu, mstari mwembamba unaopanuka kila mwaka. Msingi wa hapo unahitaji kuchimbwa zaidi, kifusi kiletwe kwa lori, nondo ziongezwe. Gharama inaweza kumeza unafuu wote wa bei ya kiwanja. Tembelea mahali Februari, maji yakiwa yamesimama. Choo cha jirani kikiwa kimefurika, umepata jibu bila kulipa mpima.

Karatasi nazo zina udongo wao mweusi. Ndani ya manispaa mnunuzi anatafuta kiwanja kilichopimwa: mchoro wa mipango miji umeidhinishwa, ramani ya upimaji imesajiliwa, na ardhini kuna bikoni za zege zenye chuma katikati na namba inayolingana na ile ya kwenye ramani. Azitafute zote kwa jembe, kona kwa kona, maana bikoni hung'olewa na kuhamishwa usiku. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Benki ya mkopo wa nyumba haitazungumza na mtu asiye na hati, na hapo ndipo tofauti ya bei kati ya kilichopimwa na kisichopimwa inapotoka.

Igalula sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, na sheria yake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Karatasi iliyosainiwa na muuzaji, mnunuzi na mashahidi wawili chini ya mwembe, hata ikiwa na muhuri wa mtendaji, bado haina nguvu ya muhtasari wa mkutano huo. Kinachotafutwa ni hati ya hakimiliki ya kimila. Kama muuzaji ana mke au mume, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na mahakama zimejaa watu walioisahau. Nyumba ikiwa kando ya barabara kuu, mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande ni hifadhi tangu Sheria ya Barabara ya 2007, na alama ya X nyekundu ukutani haijali msingi wako umegharimu kiasi gani. Hifadhi ya reli nayo ipo. Aulizwe mpima wa halmashauri, si mwenye shamba.

Hadi hapa mhadhara umesema na mnunuzi. Lakini upande wa pili wa kila ununuzi Igalula yuko mkulima, na huyu ndiye anayestahili kusemewa kwa sauti kubwa zaidi. Anauza ekari moja kwa bei ya ada ya shule ya mtoto, kwa mtu aliyekuja na gari kutoka mjini na anayejua kuhusu lami na reli zaidi yake. Baada ya miaka mitatu ekari hiyo inakatwa viwanja vinane. Hakuna sheria iliyovunjwa, na bado ni dhuluma ya taarifa. Serikali ikichukua ardhi kwa ajili ya mradi, sheria inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, ikijumlisha thamani ya ardhi, maendelezo, usumbufu, usafiri na faida iliyopotea. Ambaye ameshauza kwa dalali kabla ya mpima kufika hayumo kwenye daftari hilo la fidia. Aliyemo ni aliyenunua.

Dar es Salaam ilionyesha njia iliyo bora mwaka 2002 ilipoanzisha mradi wa viwanja 20,000, ambapo Kibada, Tuangoma, Bunju, Buyuni na maeneo mengine ya pembezoni yalipimwa kabla ya kujaa. Mradi ule ulikuwa na malalamiko yake ya fidia, na viwanja vingi vikaangukia wenye uwezo. Lakini barabara za mitaa zilikuwepo kabla ya nyumba, na ndiyo sababu Kibada ilipopata daraja la Kigamboni mwaka 2016 gari la taka na gari la zimamoto liliweza kupita.

Kijiji cha ukanda wa Igalula hakihitaji kuwa Dar es Salaam ili kufanya jambo kama hilo kwa ukubwa wake. Kinahitaji mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa, unaotenga njia panda ya mazao kuwa eneo la biashara la kijiji chenyewe, viwanja vichache vipimwe na kukodishwa kwa mkataba badala ya kuuzwa moja kwa moja, na mapato yaingie kwenye akaunti ya kijiji. Mpango wa namna hiyo humpa mkulima nafasi ya kuwa mwenye fremu kabla hajawa mpangaji wa fremu. Mkutano Mkuu wa Kijiji kisheria hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na ajenda hii inaweza kupelekwa huko.